Chatu Aliyesusa

Siku Bingwa alipohamia kwa dada yake, alishusha kwenye gari begi la nguo, sanduku la vifaa vya kazi, na tangi la kioo lenye chatu ndani. Dada yake alisimama mlangoni na mkasi mkononi, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni. Akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa kibovu akitaka kitoke pazia la maana.

"Mkeo amekufukuza," alisema.

"Hajanifukuza, Dada. Amesema anataka kupumua."

"Na huyo?"

"Chatu. Hana sumu, hana makuu, ni mpole kuliko..."

"Sijauliza tabia zake. Nimeuliza anaingia wapi."

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia, maana hapakuwa na dirisha la kuangaliwa pale ambalo hakulivalisha yeye. Alikuwa mjane, wanawe wote wana nyumba zao, na ulimi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba wateja walilipa mapema ili wasimpe sababu ya kusema. Tangu zamani alimdharau mdogo wake. Jina la Bingwa alilipata shuleni kwa kushinda mbio mara moja, na tangu hapo hakushinda kitu kingine, ila jina lilimganda. Alikuwa fundi wa viyoyozi, na kwenye mashine hakuwa mbaya. Kwa watu ndiko alikokuwa kupe. Mkewe alikuwa mfamasia. Bingwa alimpigia simu asubuhi kuuliza amefikaje, mchana kuuliza amekula nini, jioni akamsubiri nje ya duka la dawa huku akimchungulia kupitia kioo. Mwishowe mke alimwambia hajui kulea kitu bila kukikaba koo. Mwanamume mwenye akili angekaa chini akalitafuna neno hilo. Bingwa alikwenda kumchukua chatu kwa mwenzake wa kazini aliyekuwa anahama.

"Nitamwonyesha kama sijui kulea," alimwambia dada yake.

Mama Mapazia alicheka kwa pua. "Mke amekushinda, sasa unahamia kwa nyoka."

Bingwa aliweka tangi sebuleni, mkabala na mlango, chini kabisa ya kiyoyozi alichokifunga mwenyewe. Fundi mzima wa baridi na joto, anamweka mnyama anayetaka joto mahali upepo unapompiga mgongoni. Dada yake aliliona hilo, akanyamaza, kwa sababu kumwona Bingwa akikosea ilikuwa moja ya starehe zake chache. Chatu alikuwa mdogo, mnene kama kifundo cha mkono, rangi ya kahawia yenye madoa ya njano. Bingwa alimpa jina la Mfalme. Dada yake alimwita Mgeni, tena kwa sauti ya mtu anayeuliza mgeni ataondoka lini.

Basi kila aliyepita alivutwa ndani. Kinyozi wa jirani, muuza maua, watu waliokuja kupimiwa mapazia, wote walisimamishwa mbele ya kioo. Bingwa alimtoa chatu, akamzungusha shingoni, akampitisha mikono hadi mikono, akampiga picha. Asubuhi kabla ya kazi alimtoa kumsalimu. Jioni akirudi alimtoa kumuuliza habari za mchana. Na kila alipomwekea panya, aliyenunuliwa akiwa amegandishwa na kuhifadhiwa kwenye friji ya Mama Mapazia kwa masharti makali, chatu alijikunja akawa mpira, kichwa katikati, na panya akatupwa.

"Amesusa," Mama Mapazia alisema. "Mimi ningekuwa yeye ningesusa pia."

Bingwa aliona tatizo ni nyoka kukosa hamasa. Akaalika watu Jumamosi waje kumwona Mfalme akila. Walikuja, wakabanana kwenye makochi, wakapewa soda. Bingwa alimfunga panya uzi mkiani akamchezesha mbele ya tangi kama muuza vinyago. Chatu alijikunja zaidi.

"Huyu ni nyoka au fundo la kamba?" kinyozi aliuliza, na watu wakacheka.

Bingwa alivuja jasho. Akamnyanyua chatu, akambana chini ya taya, akamgusisha panya mdomoni huku akimbembeleza kwa majina ambayo mkewe angeyatambua. Chatu akamwachia uchafu wote aliokuwa nao tumboni, mweupe kwa kahawia, kuanzia kifuani hadi kwenye mkanda.

Waliokuwa karibu waliondoa soda zao njiani.

"Angalau ametoa kitu," Mama Mapazia alisema, akaendelea kupinda ukingo wa pazia.

Aliyewafungua macho ni daktari wa mifugo, mteja wa siku nyingi, aliyekuja kuchukua mapazia yake na kukuta chatu sebuleni. Aliinama, akaangalia kioo, akainua macho kwenye kiyoyozi, akaangalia viti vilivyopangwa kama vya sinema.

"Anashikwashikwa?"

"Kidogo tu," Bingwa alisema.

"Kutwa nzima," dada yake alisema.

Daktari alieleza bila kuzunguka. Chatu akihamishwa huwa na woga. Anataka joto upande mmoja na ubaridi kidogo upande wa pili, maji safi, mahali pa kujificha pande zote mbili, na utulivu. Asiguswe kabisa kwa wiki nzima. Baada ya hapo, jioni, panya ayeyushwe, apashwe kwenye maji ya moto, ashikwe kwa koleo ndefu, asogezwe polepole karibu na maficho. Akikataa, aondolewe, tangi lifunikwe, ijaribiwe tena baada ya siku kadhaa.

"Atakufa njaa," Bingwa alisema.

"Chatu mwenye afya anastahimili njaa kuliko mimi na wewe. Njaa siyo inayomsumbua."

"Ni nini?"

"Ni nyinyi."

"Hata kumsalimu asubuhi, kwa mbali?"

Daktari alimgeukia Mama Mapazia kama anayeomba msaada. Mama Mapazia alimsindikiza mlangoni na kifurushi chake, akarudi akiwa ameshaamua.

Tangi lilihamia stoo ya vitambaa, nyuma ya nyumba, chumba kidogo kilichojaa majora hadi darini, ambako hata mlango ukibamizwa sauti inamezwa na vitambaa. Mama Mapazia alitoa chungu kilichopasuka mdomo na boksi la viatu viwe maficho. Bingwa alifunga mkeka wa joto chini ya upande mmoja wa tangi na kifaa cha kuuzuia usizidi joto. Akapima, akasubiri, akapima tena, akahamisha waya, akapima tena. Alifanya kazi hiyo bila maneno na bila kutoa jasho, na dada yake, aliyekuwa amesimama pale kutafuta kosa, hakulipata. Likamuudhi hilo. Kisha Mama Mapazia alifunika kioo kwa kipande cha pazia zito, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

"Kuanzia leo humo naingia mimi, kubadilisha maji tu," alisema. "Wewe ukitaka kushika kitu, shika ufagio."

Siku za kwanza Bingwa alikuwa kero. Alitembea koridoni kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Alisimama nje ya stoo, sikio mlangoni.

"Unasikiliza nini? Nyoka haongei."

"Nasikia kama anatambaa."

"Ni cherehani yangu."

Siku zilizofuata hakulalamika, ila mezani alikula kidogo, na simu aliiweka kifudifudi kando ya sahani. Mama Mapazia aliona kwamba hampigii mkewe. Akadhani ameishiwa salio, akamwambia hivyo.

"Salio ninalo," Bingwa alisema. "Nimefikiri tu. Kama huyu wa humo ndani anataka aachwe..." Hakuimalizia sentensi. Dada yake hakumsaidia kuimalizia. Alimwambia apeleke vyombo jikoni.

Ndipo siku moja mchana Mama Mapazia aliitwa haraka kwa mteja ambaye fimbo zake za mapazia zilikuwa zimeanguka na nusu ya ukuta. Alitoka mbio, na alipofika kwa mteja ndipo akakumbuka kwamba ufunguo ameuacha mlangoni mwa stoo. Akafanya kazi na roho juu. Alirudi akakuta gari la Bingwa nje, na Bingwa mwenyewe koridoni, mkono kwenye kitasa. Mama Mapazia alisimama. Maneno aliyoyaandaa yalikuwa mengi na mazuri. Bingwa hakuwa amemwona. Alikaa hivyo kitambo, mkono juu ya kitasa, kisha akauchomoa ufunguo bila kuuzungusha, akageuka, akamkuta dada yake.

"Uliusahau," alisema, akampa.

"Umeingia?"

"Sijaingia."

"Umesimama hapo kama mwizi."

"Najua."

Mama Mapazia alimwambia arudi kazini kabla hajafukuzwa na huko pia. Ilikuwa kauli dhaifu kwa viwango vyake, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Mama Mapazia, ambaye hakuwahi kuvumilia panya ndani ya nyumba yake hata aliyekufa, alimpasha kwenye bakuli la zamani, akamkausha kwa karatasi, akaingia stoo na koleo ya kuokea nyama ambayo baada ya hapo isingeokea kitu. Alipiga goti, akasogeza panya mbele ya chungu, akasubiri hadi goti likafa ganzi. Chatu hakutoka. Akafunika, akatoka, akamtupa panya.

Bingwa alikuwa jikoni, ameketi juu ya viganja vyake.

"Vipi?"

"Amekataa."

Bingwa alitazama meza. "Pengine ni mimi, Dada. Pengine kila nikigusacho..."

"Usijipe ukubwa," alimkata. "Nyoka hata hakujui."

Aliisema kwa dharau ile ile ya kila siku. Ila Bingwa alishusha mabega, akavuta pumzi ndefu, akacheka kidogo, kama aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake si ule aliouogopa.

Jaribio la pili lilikuwa siku kadhaa baadaye, jua likishuka. Mama Mapazia alipiga goti lile lile mahali pale pale, safari hii akiwa amelaza mto. Panya alikuwa vuguvugu. Kwenye mdomo wa chungu ulitokea ulimi, ukarudi, ukatokea tena. Kikafuata kichwa, kidogo, kikasimama kabisa kama kilichosahau kilichokuwa kinataka. Mama Mapazia alibana pumzi. Halafu koleo ikavutwa mkononi mwake, na alichokiona ni panya akiwa amezungushiwa mizunguko mitatu ya mwili mgumu, na koleo yake iko hewani, tupu.

"Haya," alimnong'oneza nyoka. Hakujua kwa nini amenong'ona, wala kwa nini moyo unampiga vile mtu mzima kama yeye. Alishusha pazia taratibu, akatoka kinyumenyume.

"Amekula," alimwambia Bingwa.

Bingwa aliruka kwenye kiti. "Kwa nini hukuniita?"

"Kwa sababu ungekuja."

Bingwa akaketi tena.

Kesho yake simu ya Mama Mapazia ililia akiwa anakata kitambaa na Bingwa yuko juu ya ngazi, anasafisha kile kiyoyozi cha sebuleni. Alikuwa mke wa Bingwa.

"Wifi, mdogo wako yu hai?"

"Yupo. Kwa nini?"

"Simu yangu imenyamaza wiki zote hizi. Nimeanza kuogopa. Nasikia amechukua nyoka. Amekufa?"

"Nani, nyoka? Jana amekula."

"Amemlisha yeye?"

Juu ya ngazi, brashi iliacha kusugua. Mama Mapazia hakuwa mtu wa kumpamba ndugu yake kwa uongo, na hakuona sababu ya kuanza.

"Nimemlisha mimi," alisema. "Yeye kazi yake ilikuwa kukaa mbali."

"Na akakaa?"

"Akakaa. Niliusahau ufunguo mlangoni, akanirudishia mkononi bila kufungua. Nimeona mwenyewe. Wala usiniulize aliweza vipi, kwa sababu sijui."

Kisha wifi akasema, "Mwambie Jumapili aje anywe chai. Chai tu."

Bingwa alishuka kwenye ngazi na vumbi usoni, tayari akitaja maua, keki, shati jipya, na kama chatu angeweza kubebwa kwenye boksi lenye matundu.

"Chatu hakualikwa," dada yake alisema. "Maua yaache. Keki yake atakuwa nayo. Vaa shati ulilonalo, ila siyo lile la chatu."

Jumapili Bingwa aliondoka mchana. Mama Mapazia alijua atakaa hadi atolewe kwa ufagio. Akajipikia chakula cha mtu mmoja na kuanza pazia la mteja wa harusi. Hajafika hata nusu ya pindo, mlango ukafunguliwa.

"Mbona mapema? Kakufukuza tena?"

"Hapana," Bingwa alisema. Uso wake ulikuwa na utulivu ambao dada yake hakuuzoea, akaukagua kutafuta mahali unapofumuka. "Chai ilikuwa nzuri. Tumeongea vizuri. Nimeondoka kabla hajachoka."

Mama Mapazia alitafuta neno la kumrudishia. Alilitafuta kwa uaminifu, huku akishikilia sindano, na kwa mara ya kwanza kwa mtu huyu hakulipata.

"Vua viatu," alisema hatimaye. "Unanichafulia sakafu."