Chokaa ya Tonina

Jumanne ya kwanza ya Julai, saa tatu kasoro robo asubuhi, Agueda Camps alikuwa amechutama kwenye gati dogo la Binimoixa akiosha miwani tisa ya kuzamia kwa sabuni ya vyombo. Sabuni huzuia kioo kisipatwe na ukungu. Mate hufanya kazi hiyohiyo, lakini mgeni akiona mate hukunja uso, na mgeni aliyekunja uso huandika mabaya mtandaoni. Mbao tisa za kupigia kasia zilikuwa zimepangwa kwenye maji ya magotini, kila moja na kasia lake, na kila moja na kamba ya kufunga kifundo cha mguu ili mtu akianguka ubao usimkimbie.

Watu wa safari walikuwa wanane. Sita walikuwa wageni kutoka nchi za baridi, mabega yameshaiva kwa jua la siku mbili. Wawili walikuwa wenyeji. Mmoja ni Bwana Gornés, mwenye nyumba kumi na moja pale kijijini, na wa pili ni ofisa wa halmashauri aliyekuja na kibao cha plastiki na penseli inayoandika ndani ya maji. Walikuwa wamelipia nafasi zao kama wengine. Bwana Gornés alimuuliza Agueda kuhusu goti lake linalomsumbua, naye akamjibu kwamba linaendelea vizuri. Watu wa kisiwa kile ni wapole kupita kiasi. Ukimwibia mtu kuku, atakuomba radhi kwamba kuku mwenyewe hakuwa akitaga.

Agueda aliwafundisha namna ya kusimama, mguu huku na mguu huku, macho mbele, si kwenye vidole. Anayeogopa apige magoti, aliwaambia, hata kanisani tunapiga magoti na hakuna anayetucheka. Kisha wakaondoka kwa mstari, wakiambaa na majabali meupe ambayo misonobari imeinama juu yake, na nyenze wakipiga kelele kama kawaida. Upepo wa kaskazini ulikuwa umelala, kwa hiyo maji yalionyesha kila kitu kilichokuwa chini.

Kibao cha gatini, alichokipaka rangi Rafel mwenye kampuni, kilitaja vituo vitatu: pango, pweza, na Bibi wa Chini. Bibi wa Chini alikuwa Tonina, mama yake Agueda.

Tonina alikuwa na miaka sabini na miwili, na aliishi mita tano chini ya maji kwenye ghuba ya Sargantana, katika uwazi wa mchanga uliozungukwa na nyasi za baharini. Alikuwa ameshakaa huko miaka miwili. Kabla ya hapo aliishi namba 14, Mtaa wa Kisima, kwa miaka arobaini na mmoja, mpaka Bwana Gornés alipompelekea barua kwamba mkataba wake hautaendelea, kwa kuwa nyumba ingepangishwa kwa wiki kwa watu wanaokuja kuogelea. Tonina alitafuta chumba kijijini, akatafuta mjini, akatafuta hata kwenye mabanda ya ng'ombe, na kote akakuta mgeni ameshatandika. Agueda hakuweza kumchukua, maana yeye mwenyewe alikuwa akilala kwenye gari la kubebea mbao nyuma ya uwanja wa mpira. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hao hawakuwahi kupanga nyumba Binimoixa.

Basi Tonina alipakia kitanda cha chuma, meza, jiko na viti viwili kwenye toroli, kwa safari nne, akateremka gatini na kuendelea kutembea. Kuta zilikuja zenyewe wiki ya tatu, jiwe juu ya jiwe, kama zinavyokuja pale mtu anapotandika kitanda na kukataa kuondoka. Paa likafuata. Kuhusu kupumua, alisema hajapumua vizuri tangu siku ya ile barua, kwa hiyo hakuona tofauti kubwa.

Ilipofika Mei akapaka chokaa. Kila mwanamke wa Binimoixa hupaka nyumba yake chokaa mwezi Mei, kuta, kingo za madirisha, hata mifereji ya paa, na ambaye hajapaka hupita njia za nyuma asionekane mpaka amalize. Agueda alimteremshia ndoo na brashi kwa kamba. Chokaa ilishika vizuri kuliko nchi kavu, na nyumba ikawa inaonekana kutoka juu ya majabali. Hapo ndipo Rafel alipoiongeza kwenye kibao. Agueda alikasirika kwa siku nne, ila hakuwa na kazi nyingine, na angalau kwa njia hiyo alimwona mama yake kila siku isipokuwa Jumapili.

"Agueda, mama yako ana nyota nyingi kuliko hoteli," Rafel alikuwa akimtania kila alipofungua simu kusoma maoni ya wageni.

Jumanne ile walitazama pango, wakamtazama pweza, na saa tano wakaingia ghuba ya Sargantana. Wageni walivaa miwani na mirija wakateleza majini. Tonina alikuwa nje anaanika mashuka, ambayo kule chini hayakauki lakini hunyooka. Aliwapungia mkono. Mama mmoja wa kigeni alitoa kichwa akamwambia Agueda kwamba yeye na mumewe wamefikia kwenye nyumba nzuri sana, namba 14, Mtaa wa Kisima, ila dirisha la jikoni linakwama.

Maneno ya Tonina yalikuwa yakipanda kwa mapovu, na sauti hutoka povu linapopasuka juu. Agueda aliingiza uso majini akamweleza mama yake habari za dirisha. Baada ya muda mapovu matatu yalipasuka kando ya ubao wake.

"Mwambie alinyanyue kidogo kabla ya kusukuma. Miaka arobaini nalinyanyua. Asilazimishe, atavunja kioo."

Agueda alimtafsiria yule mama, naye akashukuru sana.

Ofisa wa halmashauri alikuwa ameshazama. Alikuwa mzamiaji mzuri, anakaa chini dakika nzima. Tonina alipoona kibao na penseli alifurahi, kwa sababu tangu mwaka uliopita alikuwa ameomba halmashauri impe namba ya nyumba ili barua zake zisiwe zinapelekwa kwa Agueda kwenye gari. Aliamini kwamba hatimaye wamekuja kumpa. Akamfungulia mlango. Akamwonyesha jikoni, akamwonyesha kitanda, akamwekea birika la kahawa jikoni, na alipoona ofisa anagusa ukuta kwa kidole akamwambia apitishe kiganja kabisa, asione haya, tabaka tatu hizo. Ofisa alipitisha kiganja. Alipanda kuvuta pumzi, akashuka, akapima kwa futi ya utepe upande wa mashariki na wa magharibi. Bwana Gornés alikuwa akielea juu kifudifudi, mikono ameifumbata mgongoni kama mtu anayetembelea shamba lake.

"Keki haipo leo," mapovu yalisema. "Mngeniambia mapema ningeandaa kitu. Namba waichonge kwenye kigae, isiwe ya bati, bati litaliwa na chumvi."

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Agueda aliisoma kwenye gari, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akampelekea mama yake, kwa sababu ilikuwa ya mama yake. Ilisema kwamba mawe matupu yaliyo chini ya bahari ni mwamba, na mwamba ni wa umma wote. Mawe yaliyopakwa chokaa, kwa desturi ya Binimoixa ambayo halmashauri inaiheshimu, ni nyumba. Nyumba lazima iwe na mwenyewe. Na kwa kuwa nyumba hii ilimea kutoka kwenye kitanda cha chuma kilichoorodheshwa miongoni mwa vifaa vya namba 14, mwenyewe ni mwenye namba 14. Bibi Antònia Camps, aitwaye Tonina, awe ameondoka kufikia siku ya mwisho ya Agosti. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ofisa alikuwa ameongeza mstari kwa mkono wake, kwamba hajawahi kuona chokaa iliyopakwa vizuri namna ile.

Agueda alimkuta Bwana Gornés nje ya mkahawa, anakunywa jini na limau kama watu wote saa ile.

"Utamweka nani mule?"

"Wageni."

"Watapumuaje?"

"Hilo ni juu yao, Agueda. Mama yako mbona aliweza?" Akamvutia kiti akae.

Hakukaa. Alienda moja kwa moja kwenye banda la vifaa, akachukua brashi ya chuma ya kukwangulia mapezi ya chini ya mbao, akapiga kasia peke yake mpaka Sargantana. Alikuwa amewaza jambo moja tu njia nzima: mawe matupu ni mwamba. Ikitoka chokaa, nyumba inakuwa mwamba, na mwamba hauna mwenyewe. Akazama, akaanza kukwangua ukuta wa upande wa baharini. Alikwangua mpaka pumzi ikaisha, akapanda, akashuka tena. Mara ya saba alikuwa ameondoa sehemu inayotosha sahani, na maji yamekuwa meupe kama maziwa. Mama yake akatoka, akamshika mkono wenye brashi.

Agueda alipanda juu akingoja mapovu. Yalikuja polepole.

"Mwanangu, usinivue nguo mbele za watu."

"Hakuna watu hapa, mama. Ni mimi na wewe. Iache iwe mwamba, ukae."

"Nikae kwenye nyumba chafu? Watu wapite juu waseme Tonina hakupaka mwaka huu?"

"Waseme!"

"Basi njoo ukae wewe."

Agueda akapanda ubao wake akapiga kasia kurudi gatini. Usiku ule na usiku uliofuata alijaribu kumchukia mama yake, akashindwa, akarudi kumchukia Gornés, ambako chuki ilikaa vizuri zaidi. Siku ya tatu Tonina aliomba ateremshiwe ndoo. Alipaka ile sehemu ya sahani, tabaka tatu, ukuta ukawa sawa.

Kijiji kizima kilijua. Mwenye duka la mikate alisema ni aibu, akampa Agueda mikate miwili ya bure. Kasisi aliliombea jambo hilo bila kutaja jina. Hakuna aliyemwambia Bwana Gornés neno, kwa sababu kila mtu alikuwa na mpwa anayepanga kwake, au mke anayefua mashuka ya nyumba zake, na kwa sababu Binimoixa watu hawapayuki. Mimi nilikuwepo, na sikupayuka pia. Siku hizi najiuliza upole huo ulitusaidia nini zaidi ya kuwarahisishia kazi akina Gornés.

Tonina alichagua kuondoka siku ya mwisho ya Agosti, saa tano, wakati wa safari, ili binti yake awepo bila kupoteza siku ya kazi. Safari hiyo watu walikuwa wanane pia, wote wageni, na walikuwa wameshasoma mtandaoni kwamba kuna Bibi wa Chini. Walipoweka nyuso majini walimkuta amesimama mlangoni na toroli. Kitanda alikiacha, kwa kuwa kilikuwa kwenye orodha. Alipakia godoro, ambalo alilinunua mwenyewe, na meza na jiko na viti viwili. Akafagia kizingiti. Akafunga mlango, akaweka ufunguo chini ya jiwe kama walivyoagiza, akashika toroli na kuanza kutembea kuelekea nje ya ghuba, kule sakafu ya bahari inakoteremka.

Wageni walimfuata kwa juu, wote wanane, wakipiga mapezi yao ya miguuni taratibu wasimvuruge. Kila mtu alikuwa na kamera yake kifuani au kichwani. Agueda alivuta mbao zao nyuma yake, zimefungwa pamoja, kwa sababu ndiyo kazi ya kiongozi wa safari, na alipaza sauti mara mbili kuwaambia wasipite mdomo wa ghuba kwani nje kuna mkondo. Tonina alipita katikati ya nyasi. Mita tano zikawa nane, nane zikawa kumi na mbili. Gurudumu la toroli lilikuwa likizama kwenye mchanga na alilazimika kulinyanyua, mwanamke wa miaka sabini na miwili, na hakuna aliyeshuka kumsaidia maana hakuna aliyeweza kufika kina kile.

Pale sakafu inapokatika akasimama, akainua uso, akasema jambo. Lilikuwa jambo refu. Mapovu mengi yalitoka kwa pamoja na kuanza kupanda, makubwa kwa madogo, na Agueda akalala kifudifudi kwenye ubao, sikio karibu na maji. Tonina akageuka akashuka, na bluu ikamfunika.

Wageni waliposhindwa kumwona tena walitoa vichwa, wakavua miwani, wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo wote, wengine wakipiga maji kwa viganja, mmoja akapiga mluzi. Mapovu yalifika juu katikati ya makofi hayo na kupasuka yote.

Agueda aliwasubiri wamalize. Kisha akawapandisha kwenye mbao zao mmoja mmoja, akawarudisha gatini, akapokea vifaa vyao na shukrani zao. Mmoja alimuuliza kama nyumba ile nyeupe inapangishwa, na yeye akamwambia ndiyo, kuanzia kesho. Bandani Rafel alikuwa amemwekea fomu ya siku mezani. Fomu ya kampuni ina maswali mawili tu: je, kuna mgeni aliyeumia, na je, kuna kifaa kilichoharibika. Agueda akaandika hapana, akaandika hapana, akatia saini.