Kaburi la Nyasi

"Usiguse! Ukifunua hapo, goti langu likirudi kuuma, dhambi zako!"

"Bibi, humu hamna mtu. Mna nyasi."

"Nyasi gani zinazikwa zikaelekezwa kibla?"

Haruni akashika kiuno. Lile shimo kalichimba mwenyewe, nyuma ya nyumba yao pale kijijini Kanga. Kajaza nyasi kavu, kanyunyizia maji yenye mbolea ya urea kama alivyofundishwa na bwana mifugo, kafunika turubai na mchanga, kasubiri siku ishirini na moja zilainike. Kosa lake moja tu: ili upepo usibebe turubai, kaweka jiwe huku na jiwe kule. Siku ya tatu jirani yake, Bi Mwanaharusi, akasoma Fatiha. Siku ya tano goti lake likapona. Sasa pana bendera nyeupe, ubani unafuka, na chupa nne za marashi.

"Bibi, siku zimetimia. Ng'ombe wangu anakufa njaa."

Kweli tupu. Dume jina lake Bonge, lakini mbavu unaziona ukiwa barabarani. Na Mzee Tahir, mwenye minazi yote ile ya juu, kasema wazi: harusini achinjwe dume mnene, la sivyo Haruni hampati binti yake Tasnim. Leo anakuja kumkagua huyo dume.

Haruni akavuta turubai.

Ikatoka harufu kama choo cha stendi saa saba mchana. Bi Mwanaharusi machozi chururu. Haruni machozi. Na Mzee Tahir, ndo kwanza anafika, naye yakambubujika. Mtu aliyezika wake wawili macho makavu!

"Shikamoo mzee," Haruni akasema huku anajifuta.

"Nani kalala hapa?"

"Sharifu," Bi Mwanaharusi akadakia.

"Ndiyo maana!" Mzee akapiga magoti, kilio juu. "Huyu babu yangu! Alipotelea Ras Kisimani, tukamtafuta mpaka tukachoka. Ona macho yangu yalivyomjua!"

Haruni akapiga hesabu. Akisema ni nyasi, kamuumbua mkwe: Tasnim kwaheri. Akinyamaza, Bonge anakufa: Tasnim kwaheri vilevile.

Bonge hakuwa na mkwe. Akakata kamba, akaja, akapiga chafya tatu, akaanza na bendera. Kisha akazamisha kichwa shimoni, akatafuna.

"Haruni," Mzee Tahir akanong'ona, "ng'ombe wako anamla babu yangu."

"Naona, mzee."

"Mfukuze!"

"Mzee, kashammeza."

Mzee akafikiri, pua inamchuruzika. Akamkumbatia Bonge shingo, akambusu pembe. "Basi babu yumo humu. Huyu hachinjwi, umenisikia? Ukimchinja huyu, umenichinjia babu."

"Na harusi?"

"Harusi ipo palepale. Wageni watakula nguru."

"Na goti langu je?" Bi Mwanaharusi akauliza.

"Mfuate ng'ombe," Haruni akamjibu.

Bi Mwanaharusi akaokota chetezo chake. Bonge akainua kichwa, kipande cha bendera kinaning'inia mdomoni, akawatazama wote watatu, akacheua. Kisha akageuka, akaenda zake minazini.