Kipande cha Mayai

Kwa muda mrefu ukurasa wa albamu yao ulidoda. Maoni yalikuwa ya kuokoteza, na hayo machache heri yasingekuwepo. Mmoja aliandika kwamba alidhani spika zake zimekufa. Mwingine aliuliza kama huu ni muziki au ni vyombo vimegombana kabatini. Dada, fundi makochi, aliyasoma yote huku ameshika misumari kwa meno, halafu akagonga mbao kwa hasira ambayo kochi la watu halikuistahili.

Muziki wenyewe waliurekodi humo humo karakanani kwake, baada ya kazi, magodoro ya sponji yakiwa yamesimamishwa ukutani yameze mwangwi. Dada aliimba na kupiga gitaa, kinyozi wa mlango wa pili akapiga besi, na mdogo wake Dada, anayeitwa Kishindo, akapiga ngoma. Mchana Kishindo hunyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Hakuna kampuni iliyowataka. Roki yao ilichanganya kila kitu, filimbi, cherehani, hata mlio wa mkasi ukikata ngozi, na walipomaliza wakaipandisha wenyewe mtandaoni.

Kishindo alikuwa na masharti yake. La kwanza, kinasa sauti kisizimwe kati ya wimbo na wimbo, maana anapiga vizuri akisahau kwamba ananaswa. La pili, kazi ikishatoka haisikilizi mpaka watu baki waisifu kwanza.

"Nikijisikia mapema nitaacha ngoma, dada," alisema. "Najijua."

Basi asubuhi moja Dada akafungua simu na kukuta maoni yamefurika. Kazi ya mwaka! Sijawahi kusikia kitu kama hiki! Mtangazaji mmoja wa redio aliahidi kuipiga alasiri ile ile. Dada hakusoma hata nusu. Alimpigia mdogo wake huku machozi yakimtoka.

"Kishindo, wamesema! Watu wamesema! Sasa sikiliza!"

"Kweli, dada?" Nyuma yake nyundo zilikuwa zinalia. "Nina mlango wa mtu hapa, nimalize. Jioni nitaisikiliza yote."

Ndipo Dada akaketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, akasoma kwa raha zake. Raha haikufika mbali. Wote walikuwa wanasifia kitu kimoja, na walikiita kipande cha mayai. Kilikuwa mwishoni mwa wimbo wa saba, baada ya gitaa kunyamaza. Yeye alipokuwa anahariri alisikiliza kila wimbo mpaka noti ya mwisho, akahamia unaofuata. Kimya kilichofuata hakukijali. Nani anasikiliza kimya?

Aliuweka wimbo, akangoja. Kwenye rekodi mlango ulifungwa; siku ile Kishindo alikuwa ametoka kwenda kuwanunulia chakula. Kisha ikaja sauti ya Dada mwenyewe, imechoka, ina nyongo.

"Huyu anapiga ngoma kama ananyoosha mlango wa gari. Nambeba kwa ajili ya mama tu. Mama angekuwa hai, ningekuwa nimeshamtoa."

"Mwambie basi," kinyozi alisema huku akicheka.

"Nimwambie aende wapi? Nani mwingine atamchukua?"

Mlango ukafunguliwa. "Dada, maharage yamekwisha. Nimeleta mayai. Lako nimeweka pilipili, unavyopenda."

"Asante, mdogo wangu," sauti yake ilijibu, tamu kama asali.

Hapo ndipo wasikilizaji walipolia. Wakidhani ni maigizo, wakamsifu aliyeandika mazungumzo yale, wakamsifu zaidi mwanamke mwenye asante ile. Na chini yao, msikilizaji mmoja alisema ngoma ndizo zilizoishika albamu nzima isisambaratike. Dada aliliruka oni hilo haraka. Ukweli huo alikuwa akiujua siku nyingi, na ndio uliomsemesha siku ile ya mayai. Kijicho tu, si kingine.

Kinyozi alikuja mbio, taulo la mteja bado begani.

"Kitoe hicho kipande. Kitoe sasa hivi."

"Nitakitoa."

"Lini?"

"Redio wakishakipiga. Yeye si amesema jioni? Acha watu waseme kidogo." Dada hakumtazama usoni. "Nimetukanwa muda mrefu mno."

Kinyozi alimwangalia, akafyonza, akarudi kwa mteja wake. Dada akaendelea kusoma. Hakushika nyundo tena siku ile. Kila sifa ilimpa aibu, na aliimeza, akatafuta nyingine.

Jioni haikungojwa. Kule gereji wenzake Kishindo walikuwa wamefungulia redio kwa sauti kubwa, wakamwita aache mlango aje asikie ngoma zake zinavyopigwa hewani. Akaja, mikono imejaa vumbi la rangi, anatabasamu. Dada aliyajua haya baadaye, kwa kinyozi. Yeye alichokiona ni oni jipya tu, limeandikwa kwa jina ambalo ni yeye na marehemu mama tu waliolitumia kumwita mdogo wake alipokuwa mtoto.

"Mimi ndiye niliyeleta mayai. Sikujua."

Alimpigia. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Chini ya oni lile watu walishaanza kushangilia: jamani, mpaka mwigizaji wa mayai amekuja! Hawa watu wamefikiria kila kitu!

Dada akakifuta kipande. Kisha akaandika chini ya maneno ya mdogo wake, mbele ya watu wote.

"Nisamehe, mdogo wangu. Haikuwa maigizo. Nilikuonea wivu. Rudi nyumbani."

Majibu hayakukawia. Watu walimpigia makofi, wakalia, wakaitana waje waone. Mmoja wao, yule yule aliyewahi kusema spika zake zimekufa, aliandika kwa heshima zote: "Huyu dada kwa kuigiza hana mpinzani."