Samawati ya Kinamasini

Mzee aliingia bila hodi katika karakana ya kuchora sahani za kauri, amelowa, amekumbatia ndoo yenye mmea mmoja na udongo wake.

"Nani kati yenu analichora ua hili kuwa jeupe?"

Sidsel alinyoosha mkono. Ndilo lililokuwa kwenye sahani yake ya mtihani. Ikipita, baada ya miaka minne ya kuchora bila jina, angeruhusiwa kutia alama yake mwenyewe nyuma ya sahani.

"Basi tazama, binti."

Ua lilikuwa lilelile, majani hadi mizizi, ila la samawati iliyokolea.

"Nimetoka nalo kwetu Jutland kwa treni. Kinamasi chetu, pekee linakoota, kinakaushwa wiki hii. Ua likiisha, watu watakuja kuziuliza sahani zenu lilikuwaje."

Sidsel alikifungua kitabu cha mimea; tangu enzi za mfalme aliyeagiza seti ya kwanza ya sahani hizo, kila sahani hunakiliwa kutoka humo. Ukurasani, jeupe. Ndooni, samawati.

"Nitalichora kama ulivyolileta," akajisikia akisema.

"Ahadi?"

"Ahadi, mzee wangu."

Mzee aliacha ndoo, akaenda zake. Msimamizi, Bibi Hjelmslev, akasogea.

"Umeahidi nini, mwanangu? Hapa hatuchori mimea. Tunachora kitabu."

"Na kitabu kikikosea?"

"Kitabu cha mfalme!" Tove wa meza ya pili alicheka. "Mpelekee barua kaburini, labda atajibu."

Sidsel alikipanua kitabu zaidi. Ndani kabisa ya mkunjo wa kurasa, mahali jua la dirishani halijawahi kufika, palikuwa na doa la samawati. Kumbe rangi ilipauka, nao wakanakili mpauko, mchoraji baada ya mchoraji. Sasa kitabu ni kipi, kile cha kabla ya kupauka au hiki walichonacho? Na sahani zote zenye ua jeupe mezani kwa wafalme, ni kosa au zimeshakuwa kweli?

Bibi Hjelmslev aliinama, akatazama, akavua miwani.

"Hata mimi sijui," alisema polepole. "Ninachojua, watahini watalinganisha na ukurasa, si na mkunjo. Leo chora jeupe. Mwakani, ukiwa na alama yako, chora upendavyo."

"Mwakani ua hili halipo, Bibi."

Ndooni, petali zilikuwa zimeanza kujikunja. Sidsel bado hakujua nani yuko sahihi. Alikoroga samawati.

Watahini hawakubishana: sahani haikupita. Aliipeleka sahani tanurini mwenyewe, nyuma yake namba ya karakana tu, kama siku zote.