Stajiere Hana Kiti

Katika ofisi ile ya urbanisme, ya mipango ya mji, stajiere, yaani mtu anayejifunza kazi, hana kiti. Viti ni vya watumishi, na mwenye kiti hakuna wa kumwondoa. Charlène, aliyeingizwa pale na programu ya serikali ya wahitimu wa chuo kikuu, aliandikia dirishani, amesimama kama mtu anayengoja pikipiki. Staji ikiisha, ama apewe kiti, ama arudi kwa mama yake, kijijini Nyangezi, na diploma yake. Usicheke. Alikitaka kiti kile kuliko harusi.

Ndiyo maana alipotumwa mtaani Bagira kupaka alama nyekundu kwenye nyumba zilizo ukingoni mwa korongo, ravin kama wanavyoliita pale, linalomega ardhi kila mvua, alikwenda mbio. Mvua zilikuwa karibu, na wenye nyumba zile walipaswa kuhama. Kwa mzee mmoja, Papa Venant, alikuta watu wengi wamekaa kimya chini ya turubai. Akadhani ni kikundi cha sala. Akapita nyuma, akapaka msalaba mkubwa kwenye ukuta wa mbao, bila hata kupiga hodi.

Kumbe ni kilio. Mke wa Papa Venant alikuwa amezikwa jana yake, na huyu binti wa serikali anakuja kuwachorea msalaba nyumbani. Wanawake walimfukuza na brashi yake mkononi, na mtaa mzima ukaapa kwamba mtu wa ofisi ile hatakanyaga tena pale.

Charlène alimweleza mkuu wake, Maman Euphrasie, huku machozi yakimlenga. Kiti alikuwa ameshakiaga.

"Ile rangi ni ya nani?" Maman Euphrasie aliuliza.

"Ya service, maman, ya ofisi yetu."

"Basi ni service ndiyo ilikosa. Vala kikwembe, tunaenda ku kilio. Na mambo ya nyumba, hata neno moja."

Wakuu wengi, kosa likitokea, hutafuta mgongo wa kulitwika. Mama huyu alijitwika mwenyewe, pamoja na gunia la makaa la kupikia wafiwa. Aliinama mbele ya Papa Venant, akaomba radhi kwa jina la ofisi, kisha akakaa na watu. Charlène akaenda kwa wanawake kuosha sahani. Hawakumsemesha. Kesho yake alirudi, na keshokutwa pia, hadi mama mmoja akamsogezea ndoo bila kununa.

Siku ya kumaliza kilio, Papa Venant akauliza mwenyewe:

"Sasa museme. Mulikuyaka kufanya nini?"

Maman Euphrasie aligeuka. Alimtazama Charlène, na Charlène akaelewa kwamba ni zamu yake.

"Papa, nilikosa. Nilipaka rangi bila kukusalimia. Lakini ravin iko nakuya, na mvua haitangoya huzuni yako iishe."

Mzee aliweka kiganja kwenye ukuta wake.

"Bibi yangu, huyu tulizika, alibebaka hizi mbao ku mugongo."

"Basi tutazibeba tena, papa."

Wakazibeba kweli. Charlène na wanawake walewale waliomfukuza walipandisha nyumba nzima, ubao kwa ubao, hadi kwenye kiwanja cha shemeji wa Papa Venant, mbali na korongo. Mvua kubwa ya kwanza iliondoka na uwanja wa zamani, choo na mparachichi wake. Hakufa mtu.

Lakini wakubwa wa mjini hawakuwa na habari za mparachichi. Maman Euphrasie alipomwombea Charlène kazi, walijibu kwamba nafasi hakuna. Siku ya mwisho ya staji Charlène alikuwa akikusanya karatasi zake dirishani, moyo mzito, pale Papa Venant alipoingia na kiti begani. Alikuwa amekitengeneza kwa mbao zilizobaki, na juu ya kikalio chake ulipita mstari mwekundu.

"Nilisikia huyu mutoto iko natumika kazi mwenye kusimama," akasema.

Maman Euphrasie alikipokea, akakiweka kando ya meza yake mwenyewe.

"Bakubwa balisema hakuna kiti," akamwambia Charlène. "Kiti ni hii. Ikala. Bakitaka kukusimamisha, bakuye banione."

Charlène akakaa. Hadi leo hakuna aliyemsimamisha.