Uso Shingoni mwa Procla

Ti. Ti. Ti. Gizani, sarafu ya shaba iligonga meno ya binti yangu Procla. Nje kulikuwa mchana kweupe, ila mji mzima wa Siscia ulikuwa umefunga madirisha kwa kuwaogopa askari.

"Mama Procla, mtoe hicho kitu mdomoni," Dasius, mume wangu, alininong'oneza. "Kina uso wa mwasi."

Bibi yake Procla ndiye aliyemfungia shingoni alipoota jino la kwanza, kimlinde. Siku hizo mwenye uso ule alikuwa kaisari wa Rumi, bwana wa dunia. Juzi alikatwa kichwa kando ya mto, na sasa, kwa amri ya bwana mpya, kukutwa na uso wake ni kifo. Asubuhi ileile Licco, jirani yetu mwoka mikate, alikutwa na sarafu tatu za uso huo ndani ya unga. Askari walimburuta kwa nywele hadi mlangoni petu, wakamchoma mkuki amepiga magoti. Procla alichungulia kwenye ufa kabla sijamziba macho.

Fundo la kamba ya sarafu liligoma kufunguka. Nilikuwa natafuta kisu mlango ulipong'oka na bawaba zake.

Aliingia askari, mkuki bado unachuruzika. Kwa mpini wake alimpiga Dasius mdomoni. Meno mawili yakadondoka sakafuni.

"Wewe ndiye fundi wa kuchonga sarafu, eh? Ulimchonga mwasi?"

"Nachonga ninachoambiwa, mkuu."

"Na kifaranga hiki kimevaa nini?" Akamnyanyua Procla kwa kamba ileile ya shingoni. Miguu ikapiga hewa. Nilipiga yowe.

"Ni bwana wetu mpya!" Dasius alisema huku akitema damu. "Linganisha na sarafu za mshahara wako!"

Askari akatoa sarafu yake, akaziweka pamoja kwenye mwanga. Macho makubwa yaleyale, utepe wa lulu uleule, shingo nene ileile. Dasius hakuwahi kumwona hata mmoja wa mabwana hao wawili; wote aliwachonga uso mmoja. Alichobadilisha ni herufi za jina tu. Nikamwomba Mungu askari huyu awe hajui kusoma.

Akacheka. "Kumbe kweli, bwana wetu." Akamshusha mtoto, akageuza sarafu upande wa pili, penye picha ya askari anayemchoma mpanda farasi aliyeanguka. "Unamwona huyu mwenye mkuki, mrembo? Ndiye mimi."

Akatoka, akamruka Licco kizingitini.

Nilikata kamba. Procla, shingo nyekundu, aliishika sarafu kwa mikono miwili, akaweka kidole juu ya yule aliyeanguka.

"Huyu wa chini ni mjomba Licco."