Ukoo wa Kessler

Gaudensia aliingia Gitega saa tatu asubuhi, sanduku la bati kichwani, akauliza njia ya ofisi ya ardhi. Kwenye kifuniko palisomeka KESSLER, kwa rangi nyeupe iliyokataa kufutika.

Hilo lilikuwa jina lake pia. Warundi humpa kila mtoto jina lake mwenyewe, na baba hamrithishi mwana. Lakini katika kambi ya wakimbizi Tanzania karani alidai jina la ukoo, na Simoni, baba yake, hakuwa nalo. Akatazama huku na huku, akasoma la kwenye sanduku. Babu ndiye aliyelibeba sanduku hilo, zama za Wajerumani, Kessler mwenye mali akitembea mbele mikono mitupu.

Sasa Simoni alikuwa mgonjwa huko Butihinda, Muyinga, katika chumba cha kuazima. Alitaka jambo moja tu: azikwe shambani kwake. Shamba lilikuwa likilimwa na jirani, Ignasi, tangu wao walipokimbia. Ignasi alisema hamjui Kessler yeyote, na hapo hakusema uongo.

Karani wa ofisi, mzee Uthmani wa mtaa wa Nyamugari, alifungua daftari kuukuu. "Kessler," akaita.

"Niko," alisema Gaudensia.

"Niko," lilisema sanduku.

"Niko," ilisema kengele ya mlangoni. Mizani ya stoo ilichelewa kidogo kwa sababu ya kutu, kisha nayo ikaitika.

"Bon. Moja moja," alisema Uthmani. "Mi niko na mukono moja ya kuandika."

Kengele ilieleza kwamba ilitoka pwani juu ya kichwa cha mtu. Mizani nayo, kichwa hichohicho. Vyote vitatu viliikumbuka shingo ile na jinsi ilivyotetemeka kwenye milima.

"Na jina yake?"

Vilifikiri sana. "Aliitwa wa Kessler," lilisema sanduku kwa huzuni. "Kama sisi."

Uthmani alipitisha kidole kwenye ukurasa wa mali za Kessler: kengele moja, mizani moja, sanduku moja. Chini yake akaongeza: mwanamke, mmoja, mzima.

"Mzee, na shamba?"

"Mama, we uko hapa kwa mali. Mali haiwezi kuwa na shamba." Alisema kwa upole, akamsogezea kiti. Sanduku lilibaki ofisini, kwa kuwa limeandikwa.

Gaudensia alirudi Butihinda bila mzigo, shingo ikimuuma.

"Wametuandika?" aliuliza Simoni.

"Wametuandika, baba. Kengele, mizani, sanduku na mimi."

Simoni alihesabu kwa vidole. "Basi mimi bado."

"Bado, baba."

Alifariki Ijumaa, akazikwa kando ya barabara, mahali pasipo na mwenyewe. Gaudensia alilia mpaka sauti ikamkauka. Ignasi hakuwa mtu mbaya. Aliacha maharagwe yake, akaja na jembe lake kusaidia kuchimba, kisha akarudi shambani kumalizia palizi.